Whitby, Bandari Inayovua Wageni

Dada yangu anakuja kutoka Mombasa mwezi wa tisa. Viza ameshapata, na sharti lake ni moja: asipelekwe London. Foleni na moshi wa magari, anasema, kwao vipo tele, tena havihitaji nauli ya ndege. Anataka bahari. Mimi naishi Leeds, mji uliojengeka kwa viwanda vya sufu, mbali na pwani, kwa hiyo kazi ya kumtafutia bahari imeniangukia mimi. Nimemchagulia Whitby, bandari ya uvuvi katika pwani ya Yorkshire ya Kaskazini, mji wa watu kama 13,000 hivi, ambao huukimbilia kila nikichoshwa na kuta za matofali.

Anayepanga likizo katika mji mkongwe wa bandari kwa kawaida huanza na orodha ya vitu vya kutazama, na Whitby inavyo vya kutosha: magofu ya abasia, ngazi 199, taya za nyangumi, nyumba aliyoishi Kapteni Cook akiwa kijana, na habari zote za Dracula. Mimi naona heri kuanza kwa kuuliza mji unakula nini. Whitby umekula nyangumi, ukala heringi, ukala jiwe jeusi linalotoka kwenye majabali yake. Siku hizi unakula wageni. Ukilijua hilo mapema, hata namna ya kupanga safari inabadilika.

Tulianza na majira. Juni nilidhani ingemfurahisha. Pwani ya Whitby inatazama kaskazini, na katikati ya kiangazi mtu akisimama kwenye gati huliona jua likichomoza baharini alfajiri na kuzama baharini jioni. Lakini nilipomwambia kwamba maghribi huingia karibu saa nne kasorobo usiku, na kwamba weusi wa anga hautimii mpaka jua linachomoza tena, aliuliza, "Sasa nyinyi isha mnaiswali saa ngapi?" Juni ikafutwa. Agosti shule zimefungwa, kuna mashindano ya mitumbwi na mashua, na kwenye njia ya Church Street watu husukumana mabega. Mwishoni mwa Oktoba mji huvamiwa na waja wa tamasha la Goth, ambalo lilianza mwaka 1994: maelfu ya watu waliovaa nguo nyeusi za karne ya 19, nyuso zimepakwa poda nyeupe. Watu wapole sana, ila vyumba vyote huwa vimeshachukuliwa. Septemba basi: watoto wamerudi shule, bahari imepata joto lake lote la mwaka, ambalo kwa mtu wa Mombasa bado ni baridi ya kutisha, na wenyeji wana nafasi ya kuzungumza.

Septemba ina jambo jingine. Karibu na siku ambayo usiku na mchana hulingana, bamvua huwa kubwa kuliko kawaida. Hapo Whitby tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inakaribia mita 5 wakati wa bamvua, wakati Mombasa tunazungumzia mita 3 na ushei. Kwa hiyo kabla sijagusa ramani nilichukua jedwali la maji. Ndilo linaloamua karibu kila kitu. Daraja la kati ya mji, ambalo huzunguka kupisha vyombo, hufunguliwa katika saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa, na likifunguliwa upande mmoja wa mji unausubiri mwingine. Mchanga wa kutoka Whitby hadi kijiji cha Sandsend, matembezi ya kilomita nne au tano, ni barabara safi maji yakiwa yametoka. Yakijaa, bahari inagonga ukuta na njia hakuna. Upande wa mashariki, chini ya majabali, ndiko kwenye hatari zaidi: mawe hubomoka kutoka juu, na maji humzingira mtu kutoka nyuma huku yeye anaokota visukuku. Huko hatutapita chini. Tutatembea juu, kwenye njia ya ukingo wa jabali, na dada akiwa na nguvu tutafika Robin Hood's Bay, kama kilomita 11, kisha turudi kwa basi.

Kufika Whitby kwenyewe kunataka subira. Mwaka 1836 mji ulikuwa na njia yake ya reli ya kwenda Pickering, iliyopangwa na George Stephenson, yule yule baba wa reli za Uingereza, na mwanzoni mabehewa yalivutwa na farasi. Mwaka 1965 serikali, ikipunguza reli zilizokuwa zinakula hasara, ilifunga njia hiyo na ile ya Scarborough pia. Imebaki moja, ya kutoka Middlesbrough, inayofuata bonde la Mto Esk kwa muda wa saa moja na nusu, na treni zake kwa siku ni za kuhesabika. Wapenda reli waliifufua sehemu ya njia ya Pickering kwa mikono yao wenyewe, na leo treni za mvuke hufika mpaka Whitby. Sisi tutapanda basi namba 840 kutoka Leeds, linalopita York, Malton na Pickering. Ni zaidi ya saa tatu, lakini sehemu ya mwisho huvuka nyanda za juu zisizo na mti, zilizofunikwa vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau, halafu ghafla bahari inatokea mbele na abasia juu ya jabali.

Abasia hiyo ndiyo mzizi wa mji. Mwaka 657, kwa hisani ya Mfalme Oswiu wa Northumbria, mwanamke aitwaye Hild alianzisha pale monasteri ya wanaume na wanawake, na wote walikuwa chini ya amri yake. Mwaka 664 viongozi wa kanisa walikutana kwake kumaliza ugomvi wa tarehe ya Pasaka. Mfalme alikuwa akifuata hesabu ya Waairishi, malkia wake hesabu ya Roma, na ilitokea mmoja anasherehekea Pasaka huku mwenzake bado anafunga, ndani ya nyumba moja. Nilipomsimulia dada yangu, ambaye kila mwaka husikia ubishi wa mwezi umeandama Saudia lakini haujaandama kwetu, alitaka kujua nani alishinda. Ilishinda Roma. Magofu tunayoyaona leo si ya Hild; ni ya kanisa la karne za baadaye, lililonyang'anywa na Mfalme Henry VIII mwaka 1539 na kuachwa lianguke. Desemba 1914 manowari za Kijerumani ziliupiga mji mizinga, na abasia nayo ikapata sehemu yake.

Njia ya kupanda huko ni zile ngazi 199 za mawe. Magoti ya dada hayana mapenzi na ngazi, na ameshaniambia, "Mdogo wangu, mimi sikuja Ulaya kupanda mnara." Ipo barabara ya nyuma inayofika juu kwa gari, lakini nimemwomba ajaribu, kwa sababu kila baada ya hatua kadhaa kuna kituo chenye ubao mpana kama kitanda. Wapita njia hukaa hapo kula aiskrimu. Mbao hizo ziliwekwa kwa ajili ya wabeba majeneza, wapumzike wakiwapandisha maiti kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Mariamu. Wengi wa waliozikwa kule juu walikuwa mabaharia na wavuvi.

Cook alifika Whitby mwaka 1746, kijana wa miaka 17, akawa mwanagenzi wa John Walker, mwenye meli za kubeba makaa ya mawe kwenda London. Nyumba ya Walker ipo bado, kwenye kichochoro cha Grape Lane, na ni makumbusho. Kinachonivutia mimi ni zile meli. Zilikuwa na tumbo pana na chini bapa, ili maji yakitoka zikae juu ya mchanga zipakuliwe, kisha maji yakirudi zielee ziende zake, kama jahazi la Lamu linavyokaa matopeni kungoja maji. Endeavour, meli aliyozungukia dunia kuanzia mwaka 1768, iliundwa hapa mwaka 1764 kuwa meli ya makaa, na zile alizotumia katika safari zilizofuata nazo ziliundwa Whitby. Huko zilikofika, watu wa Australia na visiwa vya Pasifiki wanayo yao ya kusema kuhusu kilichofuata. Cook mwenyewe aliuawa Hawaii mwaka 1779.

Wakati huo mji ulikuwa unakula nyangumi. Kuanzia mwaka 1753 mpaka 1837 meli za Whitby zilikwenda Greenland kila majira ya kuchipua, na zilizobahatika zilirudi zikiwa na taya ya nyangumi imefungwa mlingotini, ishara kwa wake waliosubiri kwamba wanaume wote wa chombo wako hai. Nahodha William Scoresby, mkulima aliyegeuka baharia, ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa lile pipa la mlinzi juu ya mlingoti. Mafuta ya nyangumi yaliwasha taa na kulainisha mashine za viwandani, hata za kwetu Leeds. Nyangumi walipoadimika biashara ikafa. Taya mbili zilizosimama leo upande wa magharibi, ambapo kila mgeni hupigia picha ya abasia katikati yake, zinatoka Alaska na zilisimamishwa mwaka 2003. Za kwanza zilioza kwa upepo.

Halafu likaja jiwe jeusi, jeti. Kwa asili si jiwe. Ni mti wa zamani za miaka milioni 180 na zaidi, ulioanguka baharini ukashindiliwa chini ya matope. Mwaka 1861 mume wa Malkia Victoria alipofariki na malkia akavaa weusi kwa maisha yake yote, Uingereza nzima ikataka mapambo ya msiba, na Whitby ikawa na zaidi ya watu 1,000 wanaochonga jeti. Dada yangu anapenda vito, kwa hiyo nimemwandaa. Jeti halisi ni jepesi mkononi mpaka unashangaa, na halina ule ubaridi wa kioo ukiligusisha shavuni. Fundi mmoja alinionyesha jaribio lao: ukilikwaruza kwenye kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa, linaacha mstari wa kahawia kama wa chokoleti. Kioo cheusi hakiachi mstari huo. Mahitaji ya msiba yalipopungua mwisho wa karne ile, mafundi wakabaki wachache.

Heringi waliulisha mji muda mrefu zaidi. Makundi yao yalishuka Bahari ya Kaskazini kila kiangazi, nyuma yao mashua kutoka Uskoti hadi Cornwall, na wasichana wa Kiskoti walisafiri kwa treni kuwafuata, bandari baada ya bandari, wakiwapasua na kuwatia chumvi, vidole vimefungwa vitambaa visikatike. Zikaja meli zenye nyavu kubwa na mitambo, samaki wakaporomoka, na mwaka 1977 uvuvi wa heringi katika bahari hiyo ukafungwa kwa miaka kadhaa. Kumbukumbu yake iko Henrietta Street, kibanda cha familia ya Fortune, wanaokausha heringi kwa moshi tangu mwaka 1872. Wanapasuliwa mgongoni, wanafunguliwa kama kitabu, wanatundikwa juu ya moto wa vumbi na vipande vya mbao. Ndani, kuta na dari zimeganda lami nene inayong'aa, masizi ya miaka zaidi ya 100 yanayoning'inia matone matone. Ng'onda hao wananukia barabara nzima. Heringi wenyewe hutoka mbali, kaskazini ya Atlantiki.

Kwenye gati leo utakuta madema yamepangwa kwa mamia, maana kilichobaki kwa wavuvi ni kaa na kamba koche. Hata hao wamepata mtihani. Kuanzia Oktoba 2021 kaa na kamba koche walikufa kwa wingi kwenye pwani hii, mafungu kwa mafungu wakatupwa ufukweni. Serikali ilisema kwanza ni mwani wenye sumu. Wavuvi waliunyooshea kidole uchimbaji wa matope kwenye mlango wa Mto Tees, penye viwanda vya kemikali. Mwezi Januari 2023 jopo la wataalamu lilisema sababu yenye uwezekano mkubwa ni ugonjwa mgeni, ila halikuweza kuthibitisha. Zungumza na mvuvi yeyote pale gatini utaona jeraha halijapona. Ndiyo maana nimepanga asubuhi moja nzima isiyo na kazi nyingine, maji yakijaa, tukae tuone mashua zikirudi. Dada ni binti wa mvuvi wa Mtongwe. Hilo atalielewa kuliko Dracula.

Dracula tutampita haraka. Mwandishi wake, Bram Stoker, alilala mtaa wa Royal Crescent mwaka 1890, akakuta jina la mhusika wake katika kitabu cha maktaba ya mji, akasikia habari za meli ya Kirusi iliyokwama mchangani mwaka 1885, na mwaka 1897 riwaya ikatoka. Tangu hapo biashara imekuwa nzuri. Mimi naona bahari ya pale ina visa vya kweli vinavyotisha zaidi. Tarehe 9 Februari 1861, katika dhoruba moja, wenyeji walikwisha kutoka na boti ya uokoaji mara kadhaa kuwaopoa mabaharia wa vyombo vingine. Walipotoka tena ikapinduka mbele ya macho ya mji mzima. Kati ya watu 13 walikufa 12. Aliyepona, Henry Freeman, ndiye peke yake aliyekuwa amevaa fulana mpya ya magome ya koki.

Basi sasa mji unakula wageni, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Whitby imefika mahali pa kuuliza kama mwenyeji bado yupo nyumbani. Nyumba za wavuvi upande wa mashariki, zile ndogo za matofali mekundu zilizobebana juu ya kilima, nyingi zimenunuliwa na watu wa mbali wanaozitumia wikendi chache au kuzikodisha kwa usiku. Ukipita pale jioni ya Januari, unaweza kutembea kichochoro kizima taa zimezimwa. Juni 2022 wakazi walipiga kura kama nyumba mpya zinazojengwa ziuziwe tu wanaoishi hapo mwaka mzima: 2,111 walisema ndiyo, 157 walisema hapana. Kura haikuwa na nguvu ya sheria, lakini ujumbe ulifika. Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa. Ameona nyumba za Shela zilivyobadili wenyewe, na vijana wa mji wakibaki kuwa watunza funguo.

Ndiyo sababu sikutafuta kijumba cha wavuvi, ingawa picha zake kwenye intaneti zinapendeza. Nimepata nyumba ya wageni upande wa magharibi, vyumba vinne, mama mwenye nyumba anaishi ghorofa ya chini. Nilimpigia simu. Aliuliza basi letu linafika saa ngapi, dada anakula nini asubuhi, na kama baridi anaiweza. Nilipomweleza kwamba sisi ni Waislamu, yeye ndiye aliyenitahadharisha kuhusu samaki na chipsi: Yorkshire wengi hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na ladha hiyo ndiyo fahari yao. Samaki ni halali, mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa ni jambo jingine, na wengine huchanganya bia kwenye ule unga wa kumvika samaki. Akanitajia sehemu wanazotumia mafuta ya mimea. Akaongeza kwamba tukinunua chakula cha kula nje tukae migongo kwenye ukuta, kwa sababu shakwe wa Whitby hupokonya samaki mkononi, tena hutokea nyuma. Habari kama hizi haziandikwi kwenye tangazo la kijumba kinachofunguliwa kwa namba za siri.

Pesa itakayokwenda kwake itabaki mjini: italipia mkate wa jirani, fundi wa paa, labda na kaa wa mvuvi mmoja. Na mwenyeji akiwa anaishi hapo, hata shule ya watoto na boti ya uokoaji, ambayo mabaharia wake wengi mpaka leo ni watu wa kujitolea, hupata watu. Mji wa bandari uliobakiwa na funguo tu hautakuwa na wa kutoka usiku dhoruba ikipiga.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kwenda, chagua wiki ambayo shule hazijafungwa. Beba koti la mvua hata mwezi wa saba, kwa maana ukungu wa baharini huingia bila hodi. Chukua jedwali la maji kabla ya ramani. Jeti likwaruze kwanza, ulipe baadaye. Na kabla hujatoa arbuni ya chumba, muulize mwenye nyumba yeye mwenyewe analala wapi. Akijibu kwamba analala hapo hapo, chini yako, lipa.